Miaka miwili ya kufundisha historia ya Pemba kwa mtandao: uzoefu wangu

Nafundisha historia katika skuli ya sekondari, upande wa Wete. Huu ni mwaka wa pili natumia vitu vya mtandaoni darasani: Google Earth, Kiwix (programu ya kusomea bila ya mtandao) yenye Wikipedia ya Kiswahili, mkusanyiko wa picha za Winterton, na maandishi ya wasafiri wa kale yaliyofasiriwa. Walimu wenzangu wananiuliza sana vinafaa au havifai, na jibu la kusimamishana njiani halitoshi. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Niliwauliza Kidato cha Pili wanitajie miji ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki. Ikatajwa Kilwa, ikatajwa Lamu, Mombasa, Gedi, Malindi. Pemba haikutajwa hata mara moja, na benchi la mbele amekaa kijana wa Mtambwe. Nikamuuliza, "Mtambwe Mkuu unakujua?" Akajibu, "Nakujua mwalimu, maji yakitoka tunavuka kwa miguu kwenda kuchokoa pweza." Huko anakochokoa pweza ndiko ilikofukuliwa, mwaka 1984, hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu zenyewe ni ndogo sana, zimeandikwa majina ya watawala kwa Kiarabu, nazo ni za karne ya 11. Yule mtoto hajapata kuambiwa habari hiyo na mtu yeyote, hata mimi mwalimu wake. Nilikuwa nafuata kitabu, na kitabu hakifiki Mtambwe. Siku ile nilirudi nyumbani nimeona haya kweli.

Nilianza na Google Earth, na mpaka leo ndiyo ninayoipa alama kubwa kuliko vyote. Tuliazima projekta, tukaziba madirisha kwa makanga, ukuta wa chokaa ukawa ndio skrini. Nikaanzia dunia nzima, nikashuka polepole: Afrika, mwambao, kisha kisiwa chetu, hadi Ras Mkumbuu, ule ulimi mrefu wa ardhi ulioingia baharini magharibi ya Chake Chake. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mnara pale. Kabla sijasema neno, binti mmoja wa Ndagoni akainuka: "Mwalimu, rudi nyuma kidogo. Hapo! Hapo ndipo baba anapotega madema." Darasa likachangamka. Nikawauliza, kwa nini mtu wa zamani ajenge mji kwenye ncha ile, mbali na mashamba? Wakajibu wao, watoto wa wavuvi: upande wa ndani maji yametulia, kaskazi ikivuma chombo kinalala salama, na kutoka pale unamuona kila anayeingia ghubani. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza hayo kwa dakika ishirini. Sikuhitaji.

Baada ya hapo niliwasomea al-Masudi, msafiri wa karne ya 10 aliyeisafiri bahari ya Zanj (ndivyo Waarabu walivyouita mwambao wetu) na kukitaja kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu kati ya wakaazi wake. Wanahistoria wengi wanakihusisha na Pemba, na Ras Mkumbuu ni miongoni mwa mahali wanapopaelekezea kidole. Nikawaachia mjadala. Walijadiliana hadi kengele ikagongwa, na wengine wakaendelea nje chini ya muembe.

Somo jengine la Google Earth ambalo sitolisahau ni la mkataba wa 1890. Kwenye vitabu linasomwa hivi: Uingereza iliitoa Heligoland kwa Ujerumani, nayo Ujerumani ikaitambua himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba. Watoto hulikariri, wakaandika kwenye mtihani, likaisha. Mara hii niliwapeleka Heligoland yenyewe, Bahari ya Kaskazini. Jiwe jekundu, nyumba chache, kisiwa ambacho pamoja na kile kidogo cha pembeni hakifiki hata kilomita za mraba 2. Halafu nikawarudisha Pemba, yenye kupita kilomita za mraba 900, na watu wake wote, misikiti na mikarafuu. Darasa lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, na hapa nani aliulizwa?" Sijapata swali zuri kuliko hilo katika kazi yangu, na nililiandika ubaoni likabaki wiki nzima.

Kwa wanaotaka kujaribu: usitegemee intaneti ya saa ya somo. Mimi napekua usiku nyumbani, bando likiwa rahisi na mtandao una nafasi, napiga picha za skrini, nazipanga kwenye flashi kwa mpangilio wa somo. Skuli naingia nimejitosheleza. Kwenye kompyuta, Google Earth ina sehemu ya kuangalia picha za angani za miaka ya nyuma. Tafuta Forodhani uoneshe Beit al-Ajaib kabla na baada ya tarehe 25 Disemba 2020, siku sehemu ya jengo ilipoporomoka. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kufika Mji Mkongwe, na jengo lile la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 walikuwa wanalijua kwa jina tu.

Kiwix sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba ni ya bure na inafanya inachoahidi. Unapakua programu, unapakua faili moja la Wikipedia ya Kiswahili, basi, unasoma bila ya mtandao. Faili lisilo na picha linaenea kwenye simu ya kawaida. Nimewawekea walimu wenzangu wanne. Umeme tunao wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini kukatika hukatika, na siku kama hizo simu yenye chaji imeniokolea vipindi vingi.

Mkusanyiko wa Winterton upo chini ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Ni picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya mwaka 1860 na 1960, na kuziangalia ni bure. Hapa panataka subira. Maelezo ni ya Kiingereza, na aliyepiga picha mara nyingi alikuwa mgeni, kwa hiyo unaona alichokuja kukitafuta yeye. Nawafundisha wanafunzi waanze na swali hilo: nani ameshika kamera, na amesimama wapi? Mtoto akishazoea kuuliza hivyo kwenye picha, siku ya pili anauliza kwenye kitabu, na siku ya tatu anauliza kwenye habari za simuni. Kwa faida hiyo pekee naona usumbufu wote umelipa.

Kilichonifurahisha zaidi, lakini, hakikuwa picha. Ilikuwa ni Ibn Battuta, msafiri wa Moroko. Alipita mwambao huu mwaka 1331, akafika Mombasa kisha Kilwa. Nilipata tafsiri ya Kiingereza mtandaoni, nikawafasiria kwa Kiswahili pale anapoeleza misikiti ya Mombasa: mlangoni kuna kisima kifupi, kuna chombo cha mti chenye kijiti cha kuchotea maji, watu wanakwenda pekupeku, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, halafu huikausha kwenye mkeka. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasema kwa sauti, "Kata hiyo! Kama ya msikiti wetu wa zamani!" Kweli, msikiti wao ulikuwa na birika la miguu na kata ya kifuu cha nazi, mpaka juzi juzi walipoweka mabomba. Karibu miaka 700, na mtoto ameitambua kata. Somo lenyewe tunalifundisha kwa Kiingereza kwa sababu ya mtihani, nami naliheshimu hilo, lakini neno "kata" halikuwa na mbadala pale, na sikulitafutia.

Sasa yale yasiyonipendeza. Tafuta historia ya Zanzibar mtandaoni, kitu cha kwanza utakachoandamwa nacho ni vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vya dakika 38. Kila tovuti inavyo, kila video inavyo, na nyingi zinavieleza kama kichekesho. Mamia ya watu walikufa au kujeruhiwa kwenye jumba la Sayyid Khalid bin Barghash asubuhi ile. Sioni cha kuchekesha, na darasani kwangu vita vile havichekwi. Na Pemba? Utapata fukwe, utapata kupiga mbizi. Habari kubwa kama kimbunga cha Aprili 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Pemba, hata kisiwa chetu kikawa ndio ghala la karafuu la dunia, utaikuta imetajwa kwa sentensi moja, ukibahatika.

Halafu kuna makosa. Katika tovuti moja ya picha za zamani nilikuta picha ya wanawake wamekaa kitako kulizunguka rundo, chini imeandikwa kwamba wanaanika karafuu. Niliichapisha, nikampa mwanafunzi ampelekee bibi yake, bibi ambaye amechuma na kuchambua karafuu maisha yake yote. Jumamosi nikaenda mwenyewe kumsikiliza. Nikamuamkia, akaitika, akaishika ile karatasi, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Mwalimu, nani kasema hawa wanaanika?"

"Imeandikwa hivyo, bibi."

"Hawaaniki hawa. Wanachambua. Tazama mkono wa huyu, kashika shada, anaivunja karafuu kwenye kiganja, makonyo anayatupa huku. Karafuu hii mbichi bado. Ya kuanika hukaa kwenye jamvi, imetandazwa, haikai rundo hivi."

Akaendelea kwamba uchambuaji ulikuwa wa usiku, kwa kandili, kwa sababu karafuu ikilala rundoni inaungua kwa joto lake yenyewe na thamani inashuka; na kwamba watoto walikuwa wanasinzia mashada mkononi. Mjukuu wake alikuwa anaandika mbio mbio kwenye daftari. Niliwaandikia wenye tovuti kuwaeleza kosa. Mpaka leo maelezo ni yale yale. Imeniudhi, kwa sababu mtoto wa Nairobi au wa Muscat atakayeiona picha ile kesho atajifunza uongo kuhusu kazi za mikono ya bibi zetu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyofanya. Kila picha au maandishi ninayoyatoa mtandaoni lazima yende nyumbani kwa mtu mzima kabla hayajarudi darasani. Inachukua muda, na mtaala hausubiri. Kuna mada nimezipitia haraka kuliko ninavyopenda ili nipate nafasi hii. Lakini wanafunzi wanaoleta jibu kutoka kwa babu yao hawalisahau, na kwenye majaribio ya muhula nimeliona hilo katika maandishi yao, siyo kwa alama tu bali kwa urefu wa wanachokieleza.

Gharama: programu zote nilizozitaja ni bure. Ninacholipia ni bando, na hilo natoa mfukoni mwangu. Projekta ni ya kuazima. Kama skuli yenu haina, tumieni simu nne au tano za walimu na mgawe darasa kwa makundi. Tulifanya hivyo muhula mzima na tulifika.

Mwezi uliopita tulikwenda Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa huko. Watoto walikuwa wameshaiona kutoka angani, kuta zake zikionekana kama mistari kwenye majani. Wakaingia wakitafuta mlango kabla mimi sijauonesha. Kisima tulikikuta, kile ambacho masimulizi yanasema kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala wasionane, mmoja akichota kwa kamba kutoka juu, mwengine akishuka kwa ngazi. Mzee wa kijiji aliyetufuata alitusimulia na habari ya watu waliolazimishwa kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Tulipiga picha za kisima tu, hakuna sura ya mtoto hata mmoja.

Ile iliyotoka vizuri tumeipakia Wikimedia Commons, ambako mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Maelezo yake wameyaandika Kidato cha Pili, kwa Kiswahili, na walibishana siku mbili juu ya kila neno. Yanasema: "Kisima cha Pujini, Pemba. Wazee wa Pujini wanasema wake wawili wa Mkama Ndume walichota maji hapa bila ya kuonana. Ngazi ni ya upande wa kushoto wa picha." Yule kijana wa Mtambwe ndiye aliyeshikilia yaandikwe maneno "wazee wa Pujini wanasema". Wiki ijayo, maji yakitoka, anatuongoza sote kuvuka kwenda kwao.