Passo ya silinda tatu kwenye vilima vya Pemba: hesabu zangu za miezi sita

Aliyeniuzia gari aliniambia lita moja inakwenda kilomita 28. Hakunidanganya, ndivyo ilivyoandikwa Japani. Lakini mimi nakaa Chake Chake na nasomesha Wete, na hiyo 28 sijaiona hata siku moja. Kila lita niliyotia kwa miezi sita nimeiandika kwenye daftari linalokaa mfuko wa mlangoni. Kabla ya kununua nilitafuta mtu wa visiwani aliyepima nikamkosa, ndiyo maana naziweka hesabu zangu hapa.

Gari ni Toyota Passo ya 2016, ile ya umbo lililotoka Aprili mwaka huo. Muundaji ni Daihatsu, na wao waliiuza kwa jina la Boon. Ukifungua boneti ni kitu kimoja. Injini ni 1KR-FE, cc 996, silinda tatu, gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia. Jina la injini si geni, wenye Vitz wanalijua, ila hii ilifanyiwa kazi upya: kila silinda ina nozeli mbili za kunyunyizia petroli na mgandamizo umepandishwa. Gari zima lina kilo 910, tangi lita 36. Kabla yake nilikuwa na IST ya cc 1300, mkongwe, ikinipa kilomita 11 na kidogo kwa lita.

Namna ninavyopima ni hii. Najaza mpaka pampu ikate yenyewe, sheli ile ile, pampu ile ile. Narudisha mita ya safari kwenye sifuri. Nikirudi kujaza, nachukua kilomita nagawa kwa lita zilizoingia. Kioo cha dashibodi kina hesabu yake, lakini usikitegemee. Tangi moja kiliniandikia 20.3, nilipogawa mwenyewe ikawa 18.6.

Tangi la kwanza nililitumia Unguja. Gari lilikaa kwa dada yangu Bububu wiki mbili kabla sijalivusha kwa meli, na tulizunguka nalo: Nungwi, Makunduchi, Paje. Barabara tambarare, safari ndefu, madirisha wazi. Kilomita 541 kwa lita 26.9, sawasawa na 20.1. Nilifurahi mno. Nikampigia shemeji yangu simu usiku ule ule.

Pemba ikanirudisha chini. Tangi la kwanza la Chake, safari fupi fupi za Machomane, Gombani, sokoni, kumpeleka mtoto skuli, lilitoka 14.9. Nikadhani limeharibika baharini. Nikalipeleka kwa fundi, akatazama plagi na kichujio cha hewa, akaona salama, akanibadilishia na oili. Tangi lililofuata likashuka zaidi, 14.2. Ilinichukua muda kufahamu kuwa alitia 20W-50, oili nzito ya magari ya zamani, na injini hii kitabu chake kinataka 0W-20, nyepesi kabisa. Hakunifanyia ubaya, oili hiyo ndiyo aliyozoea. Lakini ukimiliki injini ndogo ya siku hizi, nunua oili mwenyewe, mkabidhi fundi kopo mkononi.

Baada ya hapo nikatulia na kuanza kujifunza barabara. Anayeijua Pemba anajua hakuna tambarare: unashuka bondeni penye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka tena. Injini hii ina nguvu farasi 69 tu. Ukifika chini ya kilima mwendo umekufa, CVT inapandisha mizunguko, injini inalia, na mafuta yanakwenda. Sasa nakusanya mwendo kabla ya kilima na kuacha gari lipungue taratibu likipanda. Hilo peke yake, kwa safari za Chake na Wete, lilinitoa 16 likanifikisha 18.6.

Na jambo la frii. Madereva wengi hapa wakishuka kilima hutia frii, yaani gia ya N, wakiamini wanaokoa mafuta. Kwa injini za kabureta pengine waliokoa. Kwa injini ya nozeli ni kinyume: gia ikiwa D na mguu umeondoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukitia frii injini lazima ichome mafuta ili isizimike. Juu ya hayo umeuacha mteremko mzima kwa breki peke yake, na mbele kuna watoto wanatoka chuoni. Tafadhali tuache.

Msimu wa karafuu nililipima kwa mzigo: watu wanne wazima, magunia nyuma, njia za mashamba hadi karibu na msitu wa Ngezi. Kilomita 388, lita 28.4. Yaani 13.7, tangi baya kuliko yote, na lilistahili kuwa baya.

Kuhusu ile 28. Kipimo chake kinaitwa JC08. Gari huendeshwa juu ya mashine, kiyoyozi kimezimwa, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa, na kasi ya juu haifiki 82. Wajapani wenyewe wamekwishahamia kipimo kingine, WLTC, kilicho karibu zaidi na barabara. Halafu ile 28 inahesabu pia injini kujizima gari likisimama, na kwangu hilo hutokea mara chache sana. Joto letu linataka kiyoyozi, kiyoyozi kinataka injini, na betri iliyokuja na gari imechoka. Betri yake ni ya aina maalumu na bei yake si ndogo. Sijaibadilisha, kwa sababu sina foleni za kutosha kuirudisha pesa hiyo. Mtu wa Mwanakwerekwe na Darajani, kwenye foleni za mjini Unguja, afanye hesabu yake.

Jumla ya tangi 11: kilomita 5,060, lita 302. Wastani 16.8. IST yangu kwa njia hiyo hiyo ingekunywa lita 450 hivi. Lita 150 kwa miezi sita kwa mshahara wa mwalimu ni kitu, na kila ZURA, mamlaka ya maji na nishati Zanzibar, wanapotangaza bei ya mafuta ya mwezi nashukuru nilibadilisha.

Mwenye kwenda Konde na Micheweni kila siku peke yake, nunua bila wasiwasi na utarajie 18. Mwenye familia ya sita na mizigo ya shamba, injini hii itakuchosha na wewe utaichosha. Tangi la 12 nimelijaza jana, upepo wa tairi nimeusawazisha kulingana na kibandiko cha mlangoni, na kiyoyozi nitakizima mpaka lishe. Nataka kujua kiyoyozi peke yake kinanila lita ngapi.