Maabara iliyonionyesha picha ya manjano yangu

Mwaka wa nne sasa nasaga manjano na kujaza kapsuli. Maabara niliyokuwa naitumia ilinipa karatasi yenye mstari mmoja: kurkumini, kiambata kinachoyapa manjano rangi yake, asilimia 3.8. Nikaridhika. Mwaka huu nimehamia nyingine, na nataka kila anayeuza mitishamba ajue nilichokiona.

Nilipeleka sampuli tatu: unga wangu wa siku zote, unga wa msambazaji mpya, na manjano makavu mazima, ambayo hayajasagwa, yawe shahidi. Siku ya nane ripoti ikaja na picha. Ni kibao cha kioo kilichopakwa silika, unga mweupe ambao juu yake viambata vya sampuli hutengana kuwa mistari, kimepigwa picha chini ya mwanga wa urujuanimno. Manjano mazima yalitoa mistari mitatu inayong'aa: kurkumini juu, na ndugu zake wawili chini yake. Unga wangu nao ulikuwa na mitatu. Wa msambazaji mpya ulikuwa na mmoja tu, mnene, unaong'aa kuliko yote, na chini yake karibu patupu.

Nilipiga simu, mchunguzi akanieleza bila haraka. Mmea hutoa zote tatu pamoja. Kurkumini ya kiwandani ndiyo huja peke yake. Akasisitiza kuwa hiyo ni dalili tu, na kwamba kipimo cha kaboni-14 ndicho kingethibitisha, kwa kuwa kilichotengenezwa kwa petroli hakina kaboni hiyo. Nilimheshimu kwa kutoniambia zaidi ya alichokiona.

Kinachoniuma ni kwamba unga ule ungefaulu kwa njia ya zamani. Famakopea ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka viambata hivi visipungue asilimia 2, na kipimo cha ukali wa rangi huvihesabu vyote kwa mkupuo, bila kujali vimetoka wapi. Ukiongeza cha kiwandani, namba inapanda na cheti kinapendeza.

Wanaosema picha ni anasa wakumbuke Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika dawa za kupunguza uzito, Aristolochia, mmea wenye sumu ya figo, iliingia mahali pa Stephania, mimea ambayo majina yake ya Kichina yanafanana. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo.

Lalamiko ninalo. Kipimo cha madini ya risasi hakimo kwenye huduma hii, na fomu haisemi hivyo waziwazi. Wapo wanaopaka manjano kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, ili yawake, na kibao kile hakiioni. Nimelijua hilo baada ya kulipa, ikabidi nitume sampuli upya na kusubiri tena. Waliandike ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Hata hivyo nabaki nao. Mzigo wa msambazaji yule nimeurudisha, na picha nimeiambatisha. Manjano mazima yaliyobaki nimeyafungia kwenye chupa: kila mzigo mpya utapimwa kando yake.