C-Dory, Arima au Ranger? Subiri mawimbi ya meli

Haya jamani, karibuni tena botini. Mtanisamehe kwa upepo. Maiki nimeivisha soksi ya mtoto lakini naona bado inavuma. Tuko kati ya Redondo na kisiwa cha Maury, kusini kidogo ya Seattle, na huko nyuma yangu mnaona boti zilivyobanana. Ni Agosti 2025. Samoni wa pinki hurudi humu Puget Sound, ghuba yetu hii, kwa wingi miaka ya witiri, 2021, 2023, na sasa tena, kwa hiyo leo kila mwenye chombo katoka. Kwangu siku kama hii inashinda maonyesho yoyote ya boti. Kule kwenye maonyesho chombo kimekaa juu ya trela, kimepigwa polishi, hakikwambii kitu.

Swali lenu la kila wiki ni lile lile: kaka, nataka kiboti cha kuvulia chenye kibanda, nilale humo na mke wangu, nikivute kwa gari. Nichukue kipi? Leo sisomi makaratasi. Tutazame tu aina tatu za boti: C-Dory, Arima na Ranger.

Mjomba, sogeza kamera kushoto. Huyo anayeshika kamera ni mpwa wangu, msimlaumu picha ikicheza. Ile nyeupe pale, yenye kibanda mbele na vioo vilivyosimama kama vya basi, ni C-Dory ya futi 22, ndugu yake hii tuliyopanda. Kioo cha mbele kina vipande vitatu, na kile cha kati hufunguka. Lakini angalieni nyuma ya kibanda. Kibanda kikiwa kirefu, uwanja wa nyuma mdogo, hiyo inaitwa Cruiser: ndani kuna meza, sinki na jiko. Kibanda kikiwa kifupi na nyuma kukabaki uwanja wa kucheza ngoma, hiyo ni Angler, ya mtu anayekuja kuvua na kurudi kwake kulala. Kwa mbali zinafanana kama mapacha. Mwaka juzi niliiona moja karibu na Point Defiance, nikajua ni rafiki yangu wa Mombasa. Nikaisogelea napiga kelele, "Wee mvivu, umepata wangapi?" Akatoka mzee wa Kizungu na kikombe cha kahawa, akanipungia mkono kwa adabu kabisa. Ilikuwa Angler. Rafiki yangu ana Cruiser.

Ile nyingine, fupi, nene, mvuvi amesimama nyuma peke yake, ni Arima. Zilianzishwa na Mjapani, Juichi Arima, hapa hapa kwetu Washington. Nyingi utazikuta na turubai badala ya kibanda cha kufunga. Na ile ya kijani yenye bomba la moshi juu kama meli ya katuni, hiyo ni Ranger Tug ya futi 21. Bomba ni urembo tu, moshi wake unatokea nyuma pamoja na maji.

Sasa tulieni. Mnaiona ile meli ya makontena inayoshuka kwenda Tacoma? Imeshapita. Mawimbi yake yatatufikia baada ya dakika chache, na huo ndio mtihani wenyewe.

Haya... yanakuja... shika hapo, mjomba!

Mmeona? C-Dory, yetu na ile pale, imerukaruka haraka haraka. Chini huku tezini, yaani nyuma ya boti, ni karibu bapa, na boti tupu bila injini ina takriban tani moja tu, kwa hiyo wimbi likiinama nayo inainama, likiinuka nayo inainuka, papo hapo. Haipinduki kirahisi, lakini chai itamwagika. Arima vivyo hivyo, ila mvuvi wake hata hakushika kitu, maana upana wake kwa urefu ule ni mkubwa. Sasa Ranger: imelala pole pole, ikarudi pole pole. Ina injini ya dizeli tumboni na mkuku, ule uti wa chini ya boti. Mama mkwe wangu angechagua hiyo bila kuuliza bei.

Lakini bapa hiyo hiyo ndiyo inayonipa raha nikirudi nyumbani. Boti yangu inapanda juu ya maji kwa mwendo mdogo, mafuta hainywi sana. Ranger ile ina injini ya nguvu za farasi kama 30. Umbo lake linasukuma maji badala ya kupanda juu yake, hivyo mwendo wake ni kama maili 6 za baharini kwa saa, hata ukikanyaga mpaka mwisho. Sasa nenda nayo Deception Pass, mlango mwembamba wa bahari wenye daraja juu, ambako mkondo hufika maili 8. Utatazama daraja halisogei. Mwenye Ranger anaishi kwa kalenda ya maji kupwa na kujaa, kama wazee wa ngalawa kule Tanga.

Upepo, hapo siwafichi, C-Dory ni jani. Kibanda kirefu kwenda juu, uzito mdogo: ukizima injini uvue kwa kuelea, unasukumwa kama mfuko wa nailoni. Nami kwenye injini nimefunga lile bawa la Permatrim, bila hilo omo, yaani mbele ya boti, inakaa juu angani. Na kukokota chambo kwa pinki kunataka mwendo wa kama maili 2 hivi. Injini yangu kubwa ya farasi 90 hata ikinong'ona inapita hapo, ndiyo maana mnaona ile ndogo pembeni. Hiyo ihesabuni kwenye bajeti.

Kulala? Wawili, kitanda cha mbele chenye umbo la V. Choo ni kile cha kubebeka, na mke wangu ana maoni yake. Ukitaka choo chenye mlango wake, panda kwenye C-Dory ya futi 25. Hiyo ina upana wa futi 8 na inchi 6, mwisho unaoruhusiwa barabarani bila kibali. Yangu ni futi 7 na inchi 8, na kwenye geti la nyumba yetu hizo inchi 10 nazishukuru.

Kwa hiyo: unavua peke yako na mchana tu, chukua Arima. Umestaafu, huna haraka, Ranger. Una kazi Jumatatu na watoto wa kuchukua shule, baki na C-Dory, ununue na vikombe vyenye mfuniko.

Haya, mjomba, kunja nyuzi. Wale wenzetu wameanza kuondoka, na foleni ya kutoa boti pale Redondo mnaijua.