Lamu au Unguja kwa mapumziko?

Ukitaka utulivu wa kweli, nenda Lamu. Ndege hutua kisiwa jirani cha Manda, unavuka kwa boti, na vichochoroni mizigo hubebwa na punda. Mchana jinyooshe ufukweni Shela. Jioni agiza samaki wa kupaka na mkate wa mofa ungali moto, uchovye kwenye lile tui zito mpaka sahani ing'ae. Mimi ningefunga safari kwa chakula hicho tu.

Unguja ina watu wengi zaidi, ila kwa urojo, ile supu nzito yenye uchachu, na mishikaki ya bustani ya Forodhani usiku, Lamu haiifikii. Wa kuogelea wakae Nungwi au Kendwa, kwani Paje na Jambiani maji yakipwa hurudi mbali sana.