Mlango usio na kibao, Ntinda: maoni yangu baada ya vikao 22

Nianze na ngazi. Mshauri nasaha ninayemsimulia ana ofisi Ntinda, hapa Kampala, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na mabomba, na mlangoni pake hapana kibao. Nilidhani ni uzembe, kumbe ni makusudi. Jirani yake pale juu ni fundi cherehani, kwa hiyo anayekuona ukipanda atasema unapeleka nguo. Mimi nikaizidisha hila hiyo: wiki sita mfululizo nilipanda na suruali moja ya kijivu mkononi, mpaka fundi mwenyewe akaniuliza, "Ssebo, hii suruali ina kasoro gani hasa?"

Nina kampuni ndogo ya programu za kompyuta; tunatengeneza mfumo wa hesabu za SACCO, vyama vya akiba na mikopo. Tumepita mengi. Julai 2018 ilikuja kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu, na shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kuingia mitandao ya kijamii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa nikabaki sebuleni na mfumo usiofunguka, wahasibu wa vyama wakinipigia simu mmoja baada ya mwingine. Hayo yote niliyamudu. Nilianguka biashara iliponyooka. Mwaka 2023 tulikuwa na wafanyakazi 14 na mkataba ambao zamani ningeufanyia sherehe, nami naamka saa tisa usiku kutazama dari. Kuoga kukawa jambo la kupangia ratiba. Mama akituma samaki wa angara kutoka Arua, nyumba nzima inanukia, mimi natafuna kama natafuna karatasi.

Kabla ya kuja hapa nilijaribu programu ya simu ya kutuliza akili. Sauti ya Kimarekani ikaniambia nifumbe macho niwaze theluji ikianguka taratibu. Theluji! Nikaenda kwa mshauri mwingine, mtu mwenye adabu zake, tukaongea Kiingereza. Kila nilichosema kilitoka kama ripoti ya mwaka.

Hapo ndipo huyu wa Ntinda anapowapita. Baba yangu alikuwa askari, nasi tulilelewa kwa Kiswahili cha kambini. Katiba ya Uganda ilikitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini Kampala bado wapo wanaokisikia wakakumbuka vizuizi vya askari barabarani. Kwangu ndicho nilichobembelezewa. Mshauri ni mama wa makamo aliyekulia Koboko, na Kiswahili chake ni kilekile cha kwetu. Siku ya kwanza alinipa karatasi ya maswali tisa, PHQ-9, ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito; alama zake huanzia 0 hadi 27, na zikipanda hali ni mbaya zaidi. Nilipata 19. Nikajitetea, mtu wa namba mimi, kwamba maswali tisa hayatoshi kumpima binadamu. Akaiweka karatasi pembeni, akauliza: "Mwanangu, nyumbani unamkwepa nani?"

Nilikuwa namkwepa kijana wangu wa miaka saba. Ndiye pekee anayejua nikijifanya.

Waganda wana neno, okwekyawa, kujichukia mwenyewe. Mama huyu alilitaja kabla hata hajasema sonona, nami nikaona ugonjwa wangu una jina la hapahapa na haukuletwa na kompyuta. Kisha akanituma kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwa kuwa yeye si daktari na hajifanyi daktari. Daktari alinionya kwamba vidonge huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kwamba nisije nikaviacha ghafla siku nitakapojiona nimepona. Bado navimeza.

Nyumbani ilinibidi niandike daftari lenye safu mbili: kilichonipa nguvu na kilichoninyonya. Baada ya miezi miwili, mikutano na wawekezaji ilikuwa imejaza ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa na vitu vya aibu kwa mtu anayejiita mkurugenzi: kukaa na mweka hazina wa SACCO ya wakulima wa kahawa kule Sironko tukitafuta shilingi 4,000 zilizopotea kwenye hesabu, kula rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, nimesimama, kumpeleka mtoto shule kwa miguu. Wakati huohuo kulikuwa na watu wa Nairobi waliotaka kununua sehemu kubwa ya kampuni ili tuingie nchi tano kwa miaka miwili. Nilimwuliza mama mshauri nifanyeje. Hakujibu. Nilikasirika, nalipa laki moja kwa dakika 50, angalau nipewe jibu!

Nilikataa mwenyewe. Sasa tuko watano. Kipato kimeshuka kwa theluthi moja, tumetoka Naguru tukahamia Kyaliwajjala, na mke wangu alininunia wiki mbili, kwa haki yake kabisa. Sitamwambia mtu kwamba pesa si kitu, maana bila pesa nisingepanda ngazi zile hata mara moja.

Kasoro zipo. Nyuma ya jengo kuna mchomeleaji vyuma, na siku nyingine unalia huku grainda inakuitikia. Risiti mpaka uombe. Mara moja alinifutia kikao kwa ujumbe, nami nimeshakwama kwenye foleni ya Nakawa. Na bei ni kubwa. Asiyeiweza aulize kikundi cha Jumamosi, 20,000 tu. Nilikidharau mpaka nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika vijijini Masaka na Rakai: watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenzao wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi, na nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa. Nimeingia mara tatu. Chai ni ya bure, nzito, na sukari imezidi.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ameila mchomeleaji.

Alama yangu ya mwisho ilikuwa 7. Kuna wiki hupanda tena, na wiki hizo naenda mara mbili. Alhamisi iliyopita nilimpitia fundi na ile suruali ya kijivu, safari hii kwa haki. Kiuno kinabana. Akaigeuza ndani nje, akaona pindo lina nafasi ya kuachia, akasema elfu tano, nije Jumatatu.