B450 au B550 kwa mwenye Ryzen 5 2600
Mtu ambaye ubao mama wake umekufa, ilhali prosesa yake ya Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018 bado ni nzima, hujikuta akichagua kati ya mbao za chipuseti (chipu inayoratibu mawasiliano ya vifaa kwenye ubao) ya B450 na zile za B550. Kwa kuwa zote zina soketi (kiti cha prosesa) ya AM4, wengi hudhani kwamba zote zitaipokea prosesa hiyo, na dhana hiyo huwagharimu. B550, iliyotoka mwaka 2020, inakubali rasmi Ryzen 3000 za mezani na zilizofuata, hivyo kompyuta yenye 2600 inaweza isiwake kabisa. B450 huikubali 2600, na ikisasishwa BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta), mbao nyingi za aina hiyo hupokea hata Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022.

B550 inashinda kwa PCIe 4.0, njia ya kupitisha data kati ya prosesa na vifaa kama SSD (diski ya kasi), yenye kasi maradufu ya PCIe 3.0 ya B450; anayehamisha mafaili makubwa ya video kwenye SSD ataiona tofauti, lakini baada tu ya kununua prosesa mpya inayoiwezesha.

Kwa hali hii ningechagua B450 bila kusita, mradi mnunuzi asome kwanza orodha ya prosesa iliyotolewa na mtengenezaji kwa modeli ileile anayoinunua. Akitaka kuweka prosesa mpya baadaye, BIOS isasishwe 2600 ikiwa bado kwenye soketi, na umeme uwe wa uhakika, kwa sababu ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kuharibika.