Nyumba ya Makumbusho ya Kiswahili, Lamu: Nenda na Tepu ya Kupimia

Wengi huingia nyumba hii kwa ajili ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Wakishapiga picha tano hivi, hutoka. Hasara yao, maana zidaka ndizo rahisi kuiga na ndizo zinazoigwa vibaya kuliko kitu kingine chochote cha pwani. Ukitaka kujua kwa nini sebule fulani ya Nairobi au Dar es Salaam ina ukuta wa zidaka na bado haina utulivu wowote, jibu liko kwenye vyumba unavyovipita kabla ya kuzifikia.

Nyumba ni ya karne ya 18, imekarabatiwa, na inatunzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Imo ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ni ndogo. Mgeni wa kawaida huimaliza kwa nusu saa. Anayefanya kazi ya kupamba nyumba ajipe saa moja na nusu.

Anza mlangoni. Kwanza daka, yaani kibaraza kilichoezekwa chenye viti vya mawe pande mbili, kisha tekani, njia ya kuingilia inayopinda kabla ya kukutoa kiwandani, yaani uani. Ule mpindo ndio stara ya nyumba: mlango waweza kuachwa wazi na mpita njia asione mtu ndani. Kwenye fleti za leo mlango hufunguka moja kwa moja juu ya makochi. Dawa yake ni ukuta mwepesi wa upana wa mita 1.2, uliosimama mbele ya mlango kwa nafasi isiyopungua mita 1.2. Ukibana chini ya mita moja, siku ya kuingiza friji utauvunja.

Kiwanda ni ua ulio wazi juu, na karibu mwanga wote wa nyumba huingilia hapo. Kutoka kiwandani unapanda hatua moja kuingia msana wa tini (msana ni ukumbi mrefu mwembamba), hatua nyingine msana wa yuu, kisha chumba cha mwisho kiitwacho ndani. Majina yenyewe ni Kiamu, lahaja ya Lamu: tini ni chini, yuu ni juu, na yanatokana na hizo hatua. Misana haitenganishwi na milango. Ni nafasi pana zilizokuwa zikifungwa kwa mapazia. Kila unapoingia zaidi, mwanga unapungua na sakafu inapanda. Jicho linapata muda wa kuzoea, kwa hiyo ukifika ndani giza halikushtui. Mpangilio huu ndio unaonivutia kuliko mapambo yote.

Sasa toa tepu. Upana wa misana unatawaliwa na boriti za mikoko. Boriti ikizidi mita 3 hivi huanza kubonyea chini ya dari la mawe ya matumbawe na chokaa, ambalo ni zito ajabu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kiasi cha mita 2.5 hadi 3 kwa upana. Mafundi waliugeuza upungufu ule kuwa faida: kitanda kiliwekwa kwenye ncha ya chumba, pazia likashushwa mbele yake, na katikati pakabaki pa kukaa. Mwenye chumba kimoja cha mita 3 kwa 6 asihangaike na kabati la kugawanya. Reli ya pazia darini, mita 2.2 kutoka ukuta wa mwisho, inatosha kitanda na meza ndogo. Pazia liwe la pamba nzito na liguse sakafu. Likiishia katikati ya hewa litafanana na la wodi.

Ndani ndiko kuliko ukuta wa zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa kwenye chokaa, ambamo ziliwekwa sahani za kaure na vitu vya thamani. Simama pembeni utazame kwa mshazari. Mwanga unatoka upande mmoja tu, kutoka misanani, na kila ukingo unatupa kivuli chembamba. Ukiweka utepe wa taa ndani ya kila kidaka, kama wanavyopenda wengi, kivuli kinakufa na ukuta unageuka rafu ya duka la manukato. Taa moja ya pembeni, ya rangi ya joto ya kelvini 2700, inafanya kazi nzuri zaidi.

Kuzijenga upya: usichimbe ukuta wa matofali unaobeba dari. Jenga ukuta wa pili mbele yake, kina cha sentimita 15 hadi 20, ukubali kupoteza nafasi hiyo. Bodi za jipsamu zinafaa, ila hupasuka kwenye pembe za matao fundi asipoweka utepe wa wavu kwenye viungo. Lipu ya chokaa ni nzuri zaidi na ina masharti. Loweka chokaa ya mfuko angalau siku kadhaa iwe laini kama siagi; pishi moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usiooshwa una chumvi, nayo itatokea ukutani kama unga mweupe. Piga tabaka nyembamba, zisizozidi milimita 10, na uache kila moja ikaze. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, na huhitaji unyevu ili ifanye hivyo. Ikikaushwa na feni au jua kali itapasuka na kutoa vumbi ukiigusa. Inyunyizie maji, uifunike kwa magunia mabichi kwa wiki hivi. Usimalizie kwa rangi ya plastiki; pakaa chokaa nyembamba. Na kwenye nyumba ya zamani ya matumbawe usipige saruji juu ya chokaa: unyevu hufungiwa ndani, chumvi huganda nyuma yake, na lipu hubanduka kwa mabamba.

Nyumba ina dosari zake kama makazi. Huwezi kusoma gazeti ndani mchana bila taa. Kabati la kisasa lenye kina cha sentimita 60 linaweza kula karibu robo ya upana wa chumba. Chooni, hata hivyo, tazama birika la maji, yaani hodhi la kuhifadhia maji: katika nyumba za Lamu walifuga humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, jambo ambalo bado halijapata mpinzani wa bei nafuu.

Lamu haina uwanja wa ndege kisiwani. Unatua Manda au unafika Mokowe kwa basi, kisha boti. Fika kati ya saa nne na saa sita mchana, jua likiwa juu ya kiwanda, vaa mavazi ya heshima, na uombe mwongozaji azime taa kwa dakika kumi.